Jina la Pili la Dawa

Bwana Idrisa alizikwa Jumatano alasiri. Habari zilinikuta Kamakis, kwenye vibanda vya nyama choma karibu na Ruiru, nimeketi na wafanyakazi wenzangu mbele ya ubao wa nyama ambao sikuugusa tena. Aliyepiga simu alikuwa binti yake. Aliniambia kwamba babake alikata roho kitandani mwake baada ya swala ya alfajiri, na kwamba kufikia saa kumi wangekuwa wamemstiri, kwa hivyo nisihangaike kama niko mbali. Sikuwa mbali. Nilifika Majengo, Thika, nikaketi ndani na wanawake, nikapewa chai ya tangawizi, na kila aliyeniuliza marehemu alikuwa nani kwangu nilimjibu kwamba alikuwa mkutubi wetu chuoni. Jibu hilo lilikuwa la kweli lakini halikutosha. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao niliuishi kwa hofu, tangu mwezi wa tatu hadi mwezi wa kumi, hofu ya kuamka nayo na kulala nayo, na yeye ndiye aliyeianzisha kwa swali moja tu aliloniuliza akiwa ameshika funguo za kabati.

Ulikuwa mwaka ule uliofuata mvua za El Nino. Nilikuwa nasomea shahada ya pili katika chuo kimoja upande wa Ruiru, na nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kiganjo, Thika, pamoja na Nyokabi, msichana wa rika langu aliyefanya kazi katika shamba la maua nje ya mji wa Thika. Kilikuwa chumba kimoja cha mawe, kitanda chake huku na changu kule, pazia la maua ya zambarau katikati, na stovu ya mafuta ya taa karibu na mlango ili moshi upate pa kutokea. Jumapili tulichemsha sufuria nzima ya githeri ya mahindi na maharagwe, tukaila hadi Jumatano, kila siku tukiikaanga upya na kuiongezea kitunguu ili tujidanganye ni chakula kingine. Koti la kazi la Nyokabi lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa na harufu tamu yenye kuchosha, kama tunda lililoiva kupita kiasi, na baada ya miezi michache niliacha kuisikia. Harufu ile ilitokana na dawa ya kuua wadudu wanaokula majani ya waridi. Jina lake la dukani sitalitaja hapa. Ilikuja katika mitungi ya buluu, na wafanyakazi wakaiita hivyo hivyo, Buluu.

Dawa hiyo ndiyo iliyokuwa somo la tasnifu yangu. Msimamizi wangu, Daktari Mugo, alikuwa amepewa kazi na shamba lile lile ya kuandika ripoti kuhusu dawa zao na afya ya wafanyakazi, na shamba likakubali kulipia ada ya mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya yote yaliyokwisha kuandikwa na wataalamu kuhusu Buluu. Jioni moja ya mwezi wa tatu, tukiwa tunakula, Nyokabi aliniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Wambui, si wewe ndiye unasoma hii maneno ya dawa?"

"Eeh."

"Hii Buluu. Mtu akiwa na mimba, iko na shida?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ana mimba. Nilitaka kumpongeza, nilitaka kumuuliza kama mpenzi wake, yule fundi wa magari, anajua, lakini sasa macho yake yalikuwa juu yangu, yakingoja jibu la swali lake, si la langu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Nimeangalia. Iko salama. Mkingoja tu yale masaa mmeambiwa baada ya kupigwa dawa, hakuna shida."

"Umeangalia poa?"

"Nimeangalia."

Alishusha pumzi, akachota mchuzi kutoka kwenye sahani yake akaniongezea. Nimewahi kusema uongo maishani kama kila mtu, lakini sijui kama neno langu lolote jingine limewahi kupokewa kwa imani kama ile. Na wakati huo sikujua kwamba nasema uongo. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta ya maktaba saa mbili nzima, nikaandika jina la dukani la Buluu, nikapata makala nne. Zote zilihusu wadudu na majani. Hakuna iliyosema kwamba dawa ina madhara kwa mja mzito, nami nikaelewa kwamba dawa haina madhara kwa mja mzito. Leo hii wanafunzi wanaponiletea kosa kama hilo huwa sicheki.

Maktaba yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili. Kompyuta ya utafiti ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya nyumbani, na hifadhidata za makala zilikuja katika diski zilizofungiwa ndani ya kabati la chuma. Ulijiandikisha kwenye daftari, ukapewa muda wako, na Bwana Idrisa mwenyewe ndiye aliyeingiza diski akiishika ukingoni kwa vidole viwili. Alikuwa mrefu, mwenye sweta la kijivu mwaka mzima, na Kiswahili chake kilitutia haya sisi tuliozoea kuburuta ngeli. Siku chache baada ya kumjibu Nyokabi nilirudi kwake na karatasi zangu nne; alizitazama, funguo za kabati mkononi, kisha akanitazama.

"Umetafuta kwa jina gani?"

"La dawa, Bwana Idrisa."

"Dawa hii ina majina mangapi?"

Sikujua. Akaegemea kabati. "Binti, huku mtaani mtu anaitwa Mama Njeri, na kwenye kitambulisho chake ana jina lingine. Ukienda kwa chifu ukaulizia Mama Njeri, chifu atakwambia hamna mtu wa jina hilo kwenye vitabu vyake. Je, huyo mama hayupo?" Kisha akaniambia kwamba diski ile ilitengenezwa mwaka juzi, na yote yaliyoandikwa baadaye hayamo. Mjini Thika kulikuwa kumefunguliwa saiba, duka la kutumia mtandao kwa malipo, na kwenye mtandao kulikuwa na injini za kutafutia makala za wataalamu. Akaniandikia anwani ya moja kwenye kipande cha karatasi. "Uliza kule, kisha urudi uulize hapa. Usimwamini mmoja peke yake."

Nilikitia kile kipande mfukoni, nikashukuru, na sikwenda. Nilijiambia sina nauli ya kuchezea, kwamba sijui kutumia mtandao, kwamba Daktari Mugo hakuniambia niutumie. Ukweli ni kwamba swali lile lilikuwa limenichoma mahali fulani, nami sikutaka kupatazama. Wiki zikapita. Nyokabi akaanza kufungua kifungo cha juu cha sketi yake na kufunika kwa leso. Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili alivaa lile koti akaenda, na mimi nikabaki na vitabu vyangu.

Hofu yenyewe ilinikuta kwenye mfereji. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, napanga foleni ya maji, na mbele yangu walikuwa wanawake wawili wa shamba la maua ambao hawakunijua. Walizungumza kwa sauti ya kawaida ya watu wanaojaza mitungi.

"Na Muthoni naye amepoteza mimba."

"Muthoni yupi?"

"Wa namba nne. Si unakumbuka yule wa Gatundu naye alipoteza mwezi wa pili."

"Huyo alikuwa anabeba vitu nzito."

"Labda. Lakini wote ni wa namba nne."

Namba nne ilikuwa grinihausi ya Nyokabi, banda la plastiki la kukuzia waridi. Niliacha mtungi wangu pale pale ukiwa mtupu, nikarudi chumbani nikatafuta kile kipande cha karatasi katika mifuko yote ya nguo zangu mpaka nikakipata, kimefuliwa nusu, wino umeenea, lakini kinasomeka.

Saiba ilikuwa juu ya duka la vitambaa la Bwana Jaspal, Kalasinga mmoja mpole ambaye aliendesha biashara zote mbili akipanda na kushuka ngazi. Kulikuwa na kompyuta nne zilizotenganishwa na mbao nyembamba, na simu ya mtandao ilipiga kelele kama kitu kinachokabwa kabla ya kutulia. Bwana Jaspal akaniwekea kiti. "Andika hapa unachotaka, dada, halafu ungoje. Usibonyeze mara mbili mbili, itachanganyikiwa." Nikaandika jina la dukani la Buluu. Ukurasa wa kwanza uliofunguka ulikuwa wa watengenezaji wenyewe. Picha ya waridi ilishuka polepole, mstari kwa mstari, na chini yake maneno kwamba dawa ni salama ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Kwa dakika mbili au tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mji wa Thika. Nilishika mkoba wangu niondoke. Kisha nikaona chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, jina refu la kisayansi la dawa ambalo sikuwahi kuliona. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Njeri wa chifu.

Nikafungua ile injini ya makala, nikaliandika jina refu herufi kwa herufi. Orodha ikaja. Makala ya pili ilikuwa imechapishwa baada ya diski yetu kutengenezwa. Makala nzima haikupatikana bila kulipia kwa kadi, na kadi ya benki wakati huo niliiona kwenye magazeti tu, lakini muhtasari wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Watafiti walikuwa wamewapa panya wenye mimba kiasi kidogo cha dawa siku baada ya siku. Baadhi ya watoto walizaliwa kabla ya wakati. Wengine hawakuzaliwa hai. Nilisoma mistari ile mara tatu, na nakumbuka kwamba masikio yangu yaliziba kama niliyezamishwa kwenye maji. Sikutaka kuuchapisha, kwa sababu Bwana Jaspal angeusoma ukitoka kwenye printa. Nikaunakili kwa mkono kwenye daftari, na mwandiko ule ninao hadi sasa. Haufanani na wangu.

Jumatatu nilikuwa mlangoni mwa maktaba kabla haijafunguliwa. Nilimwonyesha Bwana Idrisa daftari langu. Aliingiza diski ile ile, akaandika jina la kisayansi, na kwenye kioo kile kile nilichokikazia macho mwezi wa tatu zikatokea makala tisa nyingine. Zilikuwa humo siku zote. Mbili zilikuwa katika majarida tuliyokuwa nayo chini, tukaenda kuyatafuta kwenye rafu, yeye akinishikia ngazi. Nilisoma siku mbili. Kulikuwa na utafiti uliosema haukuona dhara lolote. Kulikuwa na mwingine ambao panya walipewa dawa nyingi mno, kiasi ambacho hakuna mwanamke angekutana nacho. Na kulikuwa na mmoja wa wanawake wa mashamba ya maua katika nchi nyingine, wanawake wachache, na waandishi wenyewe walikuwa wakisita katika kila sentensi.

"Sasa unajua nini?" Bwana Idrisa akaniuliza.

"Kwamba inaua watoto."

"Hapana. Soma tena."

Nikasoma tena. "Kwamba huenda ina madhara. Kwamba hakuna anayejua vizuri."

"Naam. Na ulimwambia nani kwamba ni salama?"

Sikuwa nimemwambia habari za Nyokabi. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Mtu haogopi karatasi namna hii," akaenda kumhudumia mwanafunzi mwingine.

Alhamisi nilikwenda kwa Daktari Mugo. Ofisi yake ilikatwa kwa ubao mwembamba kutoka kwenye ukumbi, na nikiwa kwenye benchi nje nilimsikia akizungumza kwenye simu. "Yale machapisho yote yamepitiwa, msichana wangu ameyamaliza. Hakuna kitu kibaya. Hata muda wa kungoja baada ya kupiga dawa unaweza kupunguzwa, tutaandika hivyo." Msichana wake nilikuwa mimi. Nilipoingia alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, na ni lazima niseme kwamba hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasoma nilichonakili.

"Wambui, panya si watu."

"Najua, Daktari."

"Pendekezo lako linasema utatumia hifadhidata ya maktaba. Umetumia. Kazi yako inaishia pale diski inaishia, mengine ataandika mwingine."

"Lakini hata kwenye diski yamo, Daktari. Nilitafuta kwa jina moja tu."

Alinirudishia daftari. "Ripoti iko karibu kwenda. Na wenye shamba ndio wanakulipia. Usiwape sababu." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonya kuhusu jiwe lililo njiani.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sijawahi kuisimulia. Baada ya siku hiyo nilikaa siku kumi bila kumwambia Nyokabi. Nililala upande wangu wa pazia nikimsikia akigeuka, nikamsikia asubuhi akipiga mswaki nje, akifunga kitambaa kichwani, akichukua koti kwenye msumari, na kila mara nilifungua mdomo chini ya blanketi na kuufunga. Niliogopa kupoteza ada. Niliogopa kumtisha bure. Zaidi ya yote niliogopa uso wake wakati atakapoelewa kwamba sikuwa nimeangalia. Nimejaribu miaka mingi kuzigawanya hofu hizo, nijue ni ipi iliyonifunga mdomo, na kila nikizigawanya hiyo ya mwisho ndiyo kubwa.

Nilimwambia Jumapili, akiwa ameketi kwenye stuli akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikasema, "Nyokabi, ile Buluu. Nilikuambia iko salama. Sikuwa najua."

Vidole vyake viliendelea. "Ulisema umeangalia."

"Niliangalia mahali pamoja, na kwa jina moja."

"Sasa iko na shida ama haina?"

"Huenda iko nayo. Hata wenye kusoma hawajui vizuri. Lakini mimi singeingia."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe akalitupa nje ya mlango. "Miezi mitatu, Wambui. Miezi mitatu naingia namba nne, wengine wakiongea naogopa, halafu najiambia Wambui ameangalia." Hakuinua sauti. Ningependa angeinua. Akaweka ungo chini, akaniletea kalamu yangu mwenyewe kutoka mezani. "Andika. Kwa Kiswahili, kitu hata mamangu anaweza kusoma. Na uweke jina lako."

Niliandika nusu ukurasa. Niliandika yanayojulikana, yasiyojulikana, na kwamba ni heri mwenye mimba asiingie ndani hadi siku nzima ipite baada ya dawa kupigwa. Niliandika nilikotafuta na kwa majina gani. Mkono ulipofika mahali pa jina ulisimama, na Nyokabi akasimama nyuma ya bega langu hadi ulipotembea tena.

Kesho yake wanawake wa namba nne walisimama nje ya grinihausi wakakataa kuingia hadi meneja aje. Karatasi yangu ilikuwa imesomwa kwa sauti wakati wa chai. Siku ya tatu niliitwa ofisini. Ilikuwa juu ya meza ya Daktari Mugo, imekunjwa mara nne, na alama ya kidole chenye udongo pembeni.

"Huu ni mwandiko wako?"

Nilishika ukingo wa meza. "Ndiyo, Daktari."

"Ungesema hapana ningekuamini," akasema, akaitia kwenye droo.

Ada ilikatwa mwezi huo huo. Shambani lilibandikwa tangazo fupi, lisilotoa sababu, kwamba muda wa kungoja umeongezwa na kwamba waja wazito watahamishiwa kwenye chumba cha kupangia maua. Nyokabi alihamishwa na wenzake, kwenye kazi ya kusimama kutwa na malipo madogo kuliko ya zamani. Wiki hiyo hiyo alihamia kwa shangazi yake, mtaa wa Kamenu. Hatukugombana. Alichukua stovu kwa sababu ilikuwa yake, na pazia akaniachia. Mimi Bwana Idrisa alinipa kazi ya kurudisha vitabu kwenye rafu alasiri, na kwa kazi hiyo nilimaliza tasnifu nikiwa nimechelewa mwaka mzima, ikiwa na majina yote mawili ya dawa na utafutaji wote wawili. Daktari Mugo aliitia sahihi bila kuinua kichwa.

Lakini kabla ya hayo nilingoja. Kila nilipopanga kitabu nilihesabu miezi ya Nyokabi. Niliota watoto wasiolia. Nilirudi mara mbili kwa Bwana Jaspal kutafuta tena, nikitumaini makala mpya imetokea ya kunifariji, na haikutokea. Mwezi wa kumi, wiki chache kabla ya wakati, shangazi wa Nyokabi alinitumia ujumbe kupitia kwa jirani kwamba msichana amepelekwa hospitali, Thika. Nikawakumbuka panya wa ile makala. Nilifika asubuhi, nikakuta shangazi kwenye benchi la ukumbini, tukakaa pamoja hadi alipokwenda kutafuta uji.

Nesi akatoka akiwa amebeba kifurushi cha blanketi la rangi ya waridi. "Watu wa Nyokabi?"

Nikasema shangazi yake anarudi sasa hivi, mimi si wa familia.

"Sijakuuliza ukoo. Ni msichana, mdogo lakini mzima. Shika nimalize na mama yake."

Sikunyoosha mikono. Mtoto alikuwa mzima na mimi bado nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua kwamba hakuna diski wala mtandao ambao ungeniambia kama aliponea kwenye karatasi yangu, au kama hakuwahi kuwa hatarini, au kama miezi ile mitatu imeacha kitu ndani yake ambacho hakijaonekana. Nesi akanisogezea tu, nikajikuta nimempokea, mwepesi kama mkate, uso umekunjamana. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nyokabi alikuwa amegeukia upande wetu juu ya mto, nywele zimemlowa, akinitazama. Hakuwa amesema nami neno tangu ahamie Kamenu.

"Shika kichwa vizuri," akasema.

Nikashika kichwa.